Uyoga wa uani na mboga za jaruba: uzi wa walaji, wafanyabiashara mtusamehe

#1 Mzee wa Jaruba (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Juzi Jumamosi, saa tisa alasiri, mke wangu alichuma matembele nyuma ya nyumba akayatandaza kwenye ungo juani yanywee kidogo, maana yakipikwa mabichi yanakuwa na utelezi ambao watoto wangu hawautaki kabisa. Saa kumi na mbili nikaingia kibandani na kisu nikashusha mashada mawili ya uyoga mamama, ule unaooteshwa kwenye mifuko ya mabua, nikapita kwenye nyanya chungu nikachuma tisa, pilipili mbuzi moja, basi. Saa moja na robo tulikuwa mkekani na ugali wa dona. Vya dukani kwenye ile sinia vilikuwa unga, chumvi, mafuta na kitunguu. Nazi tulipewa na jirani.

Naleta uzi huu kwa sababu kila nikifungua mada ya bustani nakuta watu wanapiga hesabu za mtaji na soko. Anayezungumzia kula simuoni. Huu ni wa kula.

Niko Kibada, Kigamboni. Eneo lililobaki nyuma ya nyumba ni hatua kumi na nne kwa tisa, na udongo wetu mnaujua, ule mchanga mweupe, unamwaga ndoo ya maji unageuka kuweka ndoo chini yameshapotea. Kila mtu alikuwa ananiambia pandisha matuta. Nikapandisha misimu miwili, mchicha ukawa unatoka mwembamba kama nywele za mgonjwa. Tuta ni la mfinyanzi, na ni la masika. Kichanga wakati wa kiangazi unachimba chini: jaruba la kina cha kiganja, upana ambao mkono unafika katikati bila kukanyaga ndani. Chini natandika vipande vya shina la mgomba, juu yake samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka imepoa, haina joto wala harufu, kisha narudisha mchanga kidogo. Maji yanatulia humo humo. Masika ikiingia mwezi wa tatu nabadilisha, napandisha matuta, la sivyo jaruba linakuwa la kambale.

Kisima chetu kina chumvi. Maharage na karoti nimeshawaomba radhi, sirudii tena. Spinachi haijali hata kidogo, mchicha unavumilia. Nyanya inalalamika lakini inazaa. Uyoga naumwagilia maji ya bomba tu.

Kuhusu kupika, hapa ndipo watu wengi wanauharibu uyoga. Msiukate kwa kisu, uchaneni kwa mkono kufuata nyuzi zake. Sufuria kavu, bila mafuta, moto mkali. Utatoa maji mwenyewe, mengi hadi utashangaa. Msiongeze kitu, msikoroge hovyo. Subirini. Sauti itabadilika, kutoka kuchemka kwenda kukaangika, na harufu nayo itabadilika ikaribie ya nyama. Hapo ndipo mafuta na kitunguu vinaingia, na kitunguu saumu kidogo. Chumvi mwisho. Mkipenda kikombe cha tui zito, moto ushuke, mkoroge lisikatike. Ukianza na mafuta na nyanya siku ya kwanza utakula kitu kinachoteleza kama kipande cha ndala, halafu utasema uyoga haunogi.

Karibuni. Mwenye cha uani kwake atupie.

#2 Kipara wa Tandika

Picha mkuu. Uzi wa chakula bila picha ni dhuluma.

#3 Mzee wa Jaruba

Simu yangu imeangukia kwenye jaruba mwezi uliopita, tangu hapo inapiga picha kama inachungulia kupitia soksi. Nitaazima ya binti.

#4 Bwana Mtaji

Mzee unalalia hela! Una mifuko mingapi ya uyoga? Weka mifuko 500. Kila mfuko kilo 2, kilo moja shilingi 10,000, hapo ni milioni 10 kwa mzunguko mmoja. Miezi mitatu tu. Halafu mtu anakuja hapa kutuhadithia ugali.

#5 Mzee wa Jaruba

Nilijua utakuja, na umewahi.

Kijana wangu, mwaka 2015 nililima tikiti maji kwenye karatasi. Ekari mbili. Miche kadhaa, kila mche matunda mawili, kila tunda elfu mbili. Kwenye karatasi nilishanunua gari, Noah. Shambani nikavuna deni, na tikiti za kutosha kuwapa mbuzi wa kijiji kizima. Kwa hiyo hesabu za mfuko mmoja mara mia tano zinanipa kichefuchefu, naomba unielewe.

Mifuko ninayo 24. Nina mizani ya jikoni na daftari. Mfuko wa kilo tatu za mabua yaliyolowa, ambayo yakiwa makavu ni kama kilo moja, umenipa wastani wa robo tatu ya kilo kwa mikupuo mitatu ya mavuno. Mkupuo wa kwanza ndio mnono, wa pili nusu yake, wa tatu ni wa kuonjea mchuzi. Kwa mfuko kama wangu kukupa kilo mbili, ungeotesha uyoga mzito kuliko chakula chake mara mbili. Waliofanya hivyo walifanya kwenye simu.

#6 Fundi Mifuko

Mtoa mada anasema kweli. Mimi nafundisha vikundi vya kina mama Morogoro kufunga mifuko. Kwa majani ya mpunga, ukipata nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga mbichi kwa kila kilo ya mabua makavu umefanya kazi nzuri. Watu wanachanganya uzito wa mabua makavu na uzito wa mfuko uliolowa, hapo ndipo ndoto zinaanzia.

Niongezee moja: mifuko ikichoka msitupe. Yararueni yale mabua, yarundikeni yaoze miezi miwili mitatu, halafu yapelekeni bustanini. Kwa mchanga wa Kigamboni hiyo ni dawa kuliko mbolea ya kiroba. Ila yasiende mabichi, yatauiba uhai wa mchicha kwanza ndipo yaurudishe.

#7 dada_wa_Magu

Nyie watu wa Pwani na matembele yenu! Mnajua mgagani?

Mimi nina mistari mitatu tu pembeni ya tenki la maji, unajiotea wenyewe mbegu zikishadondoka. Ni mchungu, ndiyo. Unauchemsha, unamwaga yale maji ya kwanza, unakamua kidogo. Halafu karanga za kusaga zilizokorogwa kwenye maji ya vuguvugu, unapika polepole mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana pembeni ya sufuria. Mama yangu alikuwa anaweka maziwa badala ya karanga, na alikuwa anasema mtoto asiyekula mgagani hajalelewa. Mwingine tunaukausha tunaita nsansa, unakaa kabatini hadi mvua nyingine.

Mchicha ni mboga ya mgeni. Mgagani ni ya mwenyeji.

#8 Kipara wa Tandika

Hii ya mwisho ngoja niichapishe niibandike ukutani.

#9 Mama Ngogwe

Dada wa Magu nakuunga mkono, ila mchicha usiutukane. Tatizo la mchicha ni kwamba watu wanaung'oa. Ukifika wiki tatu au nne, badala ya kung'oa wote, ng'oa iliyobanana, inayobaki ikate kichwa. Utachipua pembeni, unakula tena baada ya siku chache. Kajaruba kamoja kangu kalilisha watu wanne mwezi na nusu. Na mbegu zake ni kama vumbi, changanyeni na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, la sivyo zitaota kama zulia upande mmoja na upara upande wa pili.

#10 mpita_njia

Mzee, huo uyoga haukukutesa mwanzoni? Hadithi iko wapi?

#11 Mzee wa Jaruba

Haya, kaeni vizuri.

Mara ya kwanza nilikwenda na video. Nikanunua mbegu chupa mbili. Kwa wasiojua, mbegu za uyoga si mbegu, ni punje za mtama zilizochemshwa zikatawaliwa na utando mweupe wa uyoga. Nikachemsha majani makavu ya migomba kwenye nusu pipa, masaa mawili, sawa kabisa. Halafu nikayamwaga yapoe juu ya turubai. Turubai lenyewe lilikuwa hatua nne kutoka banda la kuku, na kuku wetu wanajiogesha vumbi saa hiyo hiyo. Baada ya siku kumi mifuko ikawa ya kijani. Kijani kibichi cha bendera. Fundi mmoja akaniambia hiyo ni kuvu nyingine imewahi kiti. Nikatupa yote kumi na miwili.

Mara ya pili nikawa msafi kupindukia. Turubai jipya, mikono spiriti, kuku nimewafungia. Nikakosea maji. Mabua unatakiwa uyafinye konzi: yakitoa tone moja mawili ni sawa, yakichirizika bado yana maji mengi. Yangu yalichirizika nikasema si vibaya, uyoga unapenda unyevu. Mifuko ikachacha ikanuka kama togwa lililosahaulika. Na vijinzi vidogo vidogo, mamilioni.

Mara ya tatu kila kitu kikaenda. Mabua ya mpunga ya Ruvu, yamekamuliwa vizuri, mbegu tabaka kwa tabaka kuzunguka pembeni, mifuko kumi na sita kwenye stoo yenye giza. Wiki ya pili utando umeshuka nusu, mweupe safi kama pamba. Wiki ya tatu mfuko mzima umekuwa mgumu, ukiugonga unatoa sauti ya mkate. Zilibaki siku chache tutoboe matundu tuihamishie kibandani.

Hapo nikapata msiba Singida. Tukaondoka mimi na mke wangu siku nne, nyumbani tukamwachia mama mkwe aliyekuwa amekuja kutoka Mufindi kutusalimia. Sasa mama mkwe wangu ni mtu wa usafi. Mtu akikaa kwenye kiti, akiinuka, mama anakifuta. Tumerudi Jumatatu usiku, nimeingia stoo na tochi, stoo inang'aa. Ndoo zimepangwa kwa ukubwa. Mifuko hakuna.

Nikamwuliza mke wangu amwulize, maana mimi na mama mkwe hatuulizani mambo kama hayo uso kwa uso. Jibu likarudi: "Vile vimfuko vilivyoota ukungu? Nimewatupia, mwanangu, mngeugua."

Ningesema nini? Nikasema asante mama. Nikaenda kulala.

Mifuko aliitupa kwenye shimo la taka chini ya migomba, mingine imepasuka. Wiki hiyo mvua za vuli zikaanza. Ijumaa asubuhi binti yangu mdogo akaja mbio, baba kuna maua shimoni. Wakuu, sijaona kitu kile tena hadi leo. Mashada ya kijivu, mapana kama sahani ya chai, yamechomoza kwenye kila mpasuko wa mfuko, yamepandiana kama vigae, chini ya majani ya mgomba, yana matone ya mvua juu. Nilivuna kilo nne na nusu kwenye jalala.

Tukapika. Tukaandaa. Mama mkwe, mtu wa Mufindi aliyekula uyoga tangu hajaota meno, akatazama sinia akasema kwa upole: "Mimi uyoga wa jalalani sili." Akala matembele.

#12 Kipara wa Tandika

Nimecheka mpaka bosi kaniuliza kuna nini 😂😂 "nimewatupia mwanangu mngeugua"

#13 dada_wa_Magu

Mimi niko upande wa mama. Mngemwachia maagizo.

#14 Sista Zamu ya Usiku

Hadithi nzuri, ila naomba niharibu sherehe dakika moja. Mimi ni muuguzi.

Mtoa mada, uliokota uyoga shimoni baada ya mvua. Ulijuaje ni ule wa mifuko yako na si mwingine uliojiotea pembeni? Nauliza kwa sababu kila msimu wa mvua za kwanza tunaletewa familia nzima.

Uyoga mbaya kuliko yote hauumi saa hiyo. Mtu anakula saa mbili usiku, analala vizuri, anaanza kutapika na kuharisha asubuhi au mchana wa siku ya pili. Baadaye anapata nafuu, anasema ameshapona, anarudishwa nyumbani. Kumbe ini linakufa kimya kimya. Kuchemsha hakuondoi ile sumu. Kukausha hakuondoi. Na haya ya "weka kitunguu uone kama kitabadilika rangi", "ukiliwa na wadudu ni salama", "weka sarafu ya fedha", yote ni uongo, yameshazika watu. Mkihisi tu, msisubiri dalili ziishe, nendeni hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe, hata kama ni kipande cha kwenye sufuria.

#15 Mzee wa Jaruba

Sista umeuliza swali ambalo mke wangu aliliuliza kabla ya kuwasha jiko, na nashukuru umelileta.

Nilichuma ule tu uliokuwa umeshikana na mfuko. Unaukata unaona mguu unaingia kwenye yale mabua meupe, haukutoka ardhini. Halafu mamama ana umbo lake: mguu hauko katikati, uko pembeni, na ile mikunjo ya chini ya kofia inateremka mpaka kwenye mguu. Hana pete shingoni, hana kikombe kwenye kitako. Juu ya hapo nilimpelekea fundi aliyeniuzia mbegu shada zima mkononi. Kulikuwa na uyoga mwingine mwembamba umeota hatua mbili pembeni, juu ya samadi, hatukuugusa.

Na tangu siku ile watoto wangu wana sheria moja: uyoga wa nyumba hii unaning'inia. Unaoota chini hauna mwenyewe.

#16 Mhehe wa Kihesa

Sheria hiyo kwa watoto ni sawa. Ila kwetu unaoota chini ndio uyoga wenyewe! Mamama ni wa kufugwa kama kuku wa kisasa.

Mvua za kwanza zikipiga, uyoga wa kichuguu unatoka. Ule haulimwi na mtu kwa sababu tayari una mkulima wake. Mchwa ndio wanaulima ndani ya kichuguu. Wanatafuna miti na majani makavu, wanajenga masega, kuvu inaota juu ya masega, wao wanakula. Mvua ikija kuvu inatuma kichwa juu, sisi tunachuma. Ukitaka kuulima lazima ufuge na mchwa, na mchwa ukimfuga nyumba ndiyo ya kwanza kuliwa.

Lakini Sista yuko sahihi. Mimi nachuma na bibi. Siku bibi asipokuwepo sichumi, na nina miaka 43.

#17 Kasongo_Lshi

Hapa kwetu Lubumbashi ni vile vile, mvua ikianza mama wanakaa kando ya barabara na beseni za uyoga wa porini, wa rangi ya chungwa, mweupe, mwekundu, kila mmoja na jina lake. Ule wa chungwa ukipikwa na unga wa karanga, unasahau nyama.

Nyuma ya nyumba mimi nina lengalenga, ambayo nyinyi mnaita mchicha, na sombe, yaani kisamvu. Nawauliza: mnafunika sufuria mkipika kisamvu?

#18 Mama Ngogwe

Hatufuniki, Kasongo. Kinatwangwa kwanza kilainike hasa, halafu kinachemshwa wazi mvuke utoke wote. Sumu ya muhogo inatokea majani yakipondwa na inaondoka na mvuke. Ukifunika unairudisha ndani. Siku hizi wanauza cha kusagwa kwa mashine, sawa, lakini saa nzima jikoni iko pale pale. Nazi na karanga vinaingia kikishaiva, si kabla.

#19 Wa Juja

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu managu (mnavu), terere (mchicha) na kunde ndizo hazikosi, na sukuma ni lazima, nyumba bila sukuma si nyumba. Managu yangu nayapika na maziwa kidogo mwishoni, uchungu unapoa. Mbegu za uyoga tunanunua hapa chuo cha JKUAT, kwa hivyo mimi sina excuse, lakini chumba changu kilileta shida. Niliweka mifuko chumba cha kulala cha wageni. Mgeni akakohoa wiki nzima.

#20 Fundi Mifuko

Wa Juja, usirudie! Na wote mnaosoma: msilale chumba kimoja na uyoga mamama. Ukishakomaa, kingo za kofia zikianza kujikunja juu, unamwaga unga mweupe, ni mbegu zake halisi, mabilioni. Ukivuta hewa hiyo kila siku kwenye chumba kilichofungwa, mapafu yanagoma, unapata kikohozi na homa kama mafua yasiyoisha. Vuneni mapema, kofia ingali imeinamia chini. Mwanga wa dirisha, hewa inapita, na mkiingia vibandani asubuhi funikeni pua.

Halafu kitu kizuri: ukivuna mwingi, uchane, uweke juani, mikunjo ya chini ya kofia imetazama juu. Jua linautengenezea vitamini D, kama linavyofanya kwenye ngozi zetu. Ukikauka mpaka unavunjika kama kuni ndogo, weka kwenye chupa. Mwezi wa sita unakula uyoga wa mwezi wa nne.

#21 Chumba Sebule

Wenye viwanja mnajitapa. Mimi niko Ilala, nyumba ya kupanga, familia sita, uani ni kamba za nguo tu. Nifanyeje? Mboga za bondeni naziogopa, yale maji ya Msimbazi nimeyaona kwa macho yangu yanakotoka.

#22 Mzee wa Jaruba

Chumba Sebule, nilianza kama wewe, Buguruni, mwaka 2009. Viroba viwili vya unga mlangoni. Kiroba unakisimamisha, katikati unapitisha bomba la plastiki lisilo na vitako, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi, halafu unalivuta bomba taratibu ukipanda juu. Kokoto zinabaki kama mshipa wa kupeleka maji mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu, unapachika miche ya spinachi. Juu unaweka nyanya chungu moja au pilipili. Wenzetu wa Kibera wanaishi kwa bustani za gunia namna hii.

Matembele ndiyo usiyapoteze. Nenda kwa muuza mboga asubuhi, nunua fungu lenye vikonyo virefu, kula majani, vikonyo vichomeke kwenye ndoo iliyotoboka. Hayataki mbegu, hayataki elimu.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yarudishe kwenye kiroba. Ya sabuni nyingi hapana.

Na jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyeniambia: majirani. Ukiwa na kiroba cha spinachi kwenye nyumba ya wapangaji sita, hiyo spinachi si yako tena. Mtoto atakuja na sahani tupu, "mama amesema mumpe kidogo." Unampa. Kesho sahani inarudi ina maandazi mawili. Hapa Kibada hali ni ile ile. Ile nazi niliyosema mwanzo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, niliwapa bamia Alhamisi. Mke wangu ana daftari lake la kichwani la nani kachukua nini, na haliandikwi popote.

#23 mpita_njia

Nyanya zangu, Mzee. Majani yana michirizi kama ramani halafu yanakauka, tunda lina vitundu.

#24 Mzee wa Jaruba

Huyo ni kantangaze, nondo mdogo wa nyanya. Pole sana. Ametoka mbali, asili yake Amerika ya Kusini, na hana huruma. Kiwavi wake yuko ndani ya jani kati ya ngozi mbili, dawa ya kunyunyizia juu inampita. Kwa miche sita ya uani mimi nakagua kila jioni, jani lenye mchirizi naling'oa natia kwenye mfuko wa plastiki naufunga naacha juani. Sio kwenye mboji! Mboji unamfugia. Mwarobaini uliotwangwa ukalala kwenye maji usiku mmoja unasaidia wakiwa wadogo. Ukizidiwa, ng'oa yote, pumzisha, panda bamia.

Kusema kweli nyanya ni zao ninalolipenda na haliko upande wangu. Masika linapigwa na ukungu, kiangazi kantangaze. Kwa miaka yote hii nimepata msimu mmoja tu ambao nilikula nyanya nimesimama, chumvi mkononi, juisi inachuruzika mpaka kiwikoni. Kwa ajili ya msimu ule bado napanda.

#25 Bwana Mtaji

Sawa Mzee nimesoma yote, nimejifunza. Ila kwa mahesabu yako mwenyewe, mifuko 24 mara robo tatu ni kilo 18. Mnakula kilo 18 watu watano? Si mngeuza hata kumi?

#26 Mzee wa Jaruba

Tunakula kilo kumi. Tano zinakwenda kwa majirani. Mbili tunakausha. Moja nadhani wanakula panya.

#27 dada_wa_Magu

😂 Bwana Mtaji kaa chini. Na picha bado.

#28 Mzee wa Jaruba

Mrejesho wakuu, wiki tatu baadaye. Picha binti atazipandisha leo usiku akitoka tuisheni.

Jana mama mkwe kapiga simu kutoka Mufindi. Kamsalimia mwanawe, kauliza mvua, kauliza watoto, kauliza kuku. Halafu akaomba simu nipewe mimi, jambo ambalo si la kawaida. Akaniambia huko kwao msimu wa uyoga wa porini umepita, na jirani yake amemuuliza habari za ule "ukungu wenu wa mifuko". Eti anataka kujua kama chupa ya mbegu ikiwekwa kwenye basi la usiku inafika nzima hadi Mafinga.

Nimemwambia inafika, mradi isikae juani. Leo asubuhi nimepeleka chupa mbili stendi, nimezifunga kwenye boksi na magazeti. Juu nimeandika kwa kalamu nene: MSITUPE.

#29 Kipara wa Tandika

😂😂😂 Mzee umelipiza.

#30 Mzee wa Jaruba

Mke wangu kalisoma boksi kabla sijaondoka. Kaongeza "Shikamoo Mama" kwa juu.